Sanduku Dogo la Umeme Wodini na Nyumbani: Namna ya Kulichagua na Kulilinda

Tuchukue mfano wa wodi ya wazazi katika kituo cha afya. Ni saa nane za usiku. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati amelazwa chini ya kipasha joto, na mrija mwembamba puani unamletea oksijeni kutoka kwenye mashine iliyo kando ya kitanda. Katika chumba cha pili mhudumu anatakasa vifaa kwa mvuke kwa ajili ya mama anayekaribia kujifungua, na muuguzi amechomeka birika la umeme ili mzazi apate chai. Baada ya muda umeme unakatika katika vyumba vyote viwili. Nje taa za jirani zinawaka, kwa hiyo shirika la umeme halijakata. Kilichokatika ni breka moja ndani ya sanduku dogo lililoko ukutani, na ufunguo wa sanduku hilo umo mfukoni mwa mtu aliyekwenda kulala nyumbani kwake.

Usiku huo kila mmoja alikuwa akitimiza wajibu wake. Kosa lilitendeka zamani, siku sanduku lilipochaguliwa bila kuulizwa swali moja: umeme ukikatika hapa, ni nani atakayekosa pumzi? Makala haya yanaeleza sanduku dogo la umeme ni kitu gani, namna ya kulichagua, na namna ya kulilinda. Hayamfundishi muuguzi wala mgonjwa kufanya kazi ya fundi. Yanakusudia kumpa maarifa ya kumwuliza fundi maswali yanayostahili, na ya kuitambua hatari kabla haijawa msiba.

Sanduku dogo ni nini

Umeme unapoingia katika jengo hupita kwenye mita, kisha hufika kwenye sanduku kuu lenye swichi kuu. Katika jengo dogo safari huishia hapo, na nyaya za taa na soketi hutoka moja kwa moja katika sanduku hilo. Katika kituo cha afya, hospitali au nyumba kubwa, sanduku kuu hugawa umeme kwenda kwenye masanduku mengine madogo: moja la wodi ya wazazi, moja la maabara, moja la chumba cha dawa na chanjo, moja la ofisi. Mafundi wengi huyaita DB. Kila sanduku dogo hugawa umeme wake katika saketi, yaani njia zinazojitegemea, na kila saketi huwa na breka yake.

Mgawanyo huu una faida mbili. Kwanza, hitilafu ya sehemu moja inaweza kuzuiwa pale pale isienee jengo zima. Pili, mtu anayetaka kukata umeme kwa haraka, au kuurudisha, huwa karibu na mahali pa kufanyia hivyo. Faida hizo hazipatikani kwa kuwapo kwa sanduku tu. Hupatikana iwapo saketi zimegawanywa kwa kufuata uzito wa huduma, na iwapo walio zamu wanalifahamu sanduku lao.

Hesabu ya mzigo

Turudi kwenye wodi yetu. Vifaa vya umeme huandikwa nyuma au chini idadi ya wati vinazotumia. Ukigawanya wati kwa volti utapata ampea, na katika Tanzania umeme wa kawaida wa soketi ni volti 230. Mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika hutumia takribani wati 350, sawa na ampea 1.5. Tuseme kipasha joto kinatumia wati 700, birika wati 2,000, na mashine ya kutakasia vifaa wati 2,400. Jumla ni wati 5,450, yaani karibu ampea 23.7. Ikiwa vyote vimechomekwa katika saketi moja yenye breka ya ampea 16, breka hiyo haina budi kukata.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba breka haikati papo hapo mzigo unapozidi kidogo. Ndani yake mna kipande cha metali kinachopinda polepole kadiri kinavyopata joto. Kwa breka za kawaida, mzigo unaofikia mara 1.45 ya kiwango kilichoandikwa huikatisha ndani ya saa moja. Kwa breka ya ampea 16 mzigo huo ni ampea 23.2. Ndiyo maana birika linaweza kuchemka mara tatu bila shida, na mara ya nne wodi ikabaki gizani, na watu wakasema umeme umekatika bila sababu.

Shoti ni jambo jingine. Nyaya mbili zinapogusana, umeme mwingi mno hupita mara moja, na sehemu ya sumaku ndani ya breka hukata katika muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho. Breka za aina B hukata hivyo mkondo unapofika kati ya mara 3 na 5 ya kiwango chake, na za aina C kati ya mara 5 na 10. Majokofu na pampu huvuta umeme mwingi kwa kitambo kidogo yanapowashwa, kwa hiyo aina C hufaa zaidi kwa saketi za namna hiyo.

Katika hali kama hii wengine huwa na dawa ya haraka: kuondoa breka ya ampea 16 na kuweka ya 32, au kufunga kipande cha waya mahali pa fyuzi iliyoungua. Dawa hiyo ni sumu. Breka huchaguliwa ili kuulinda waya uliomo ukutani. Waya wa milimita za mraba 1.5, ambao kwa kawaida huwekwa kwenye taa, hulindwa kwa breka ya ampea 6 au 10. Ule wa milimita za mraba 2.5, wa soketi, kwa breka ya ampea 16 au 20. Ukiweka breka kubwa kwenye waya mwembamba, breka itatulia huku waya ukipata moto ndani ya dari, na hapo kitakachokatika si umeme bali paa. Tiba ya kweli ni kuongeza saketi na kugawa mizigo.

Breka ya kawaida haiulindi mwili

Hapa pana jambo ambalo kila mhudumu wa afya anapaswa kulijua, kwa kuwa linahusu mwili wa binadamu. Mkondo wa nusu miliampea husikika kama mwasho. Unapofika karibu miliampea 10, misuli ya mkono hukazana na mtu anaweza kushindwa kukiachia alichokishika. Unapozidi miliampea 30 na kuendelea kupita kifuani, moyo huweza kuacha mapigo yake ya kawaida na kutetemeka bila kusukuma damu. Mwili wa mtu anayegusa volti 230 huwa na ukinzani wa kama omu 1,000 hadi 1,500, na ngozi iliyolowa huupunguza. Kwa omu 1,000, mkondo unaopita ni ampea 0.23, sawa na miliampea 230. Kiasi hicho kinatosha kuua, lakini kwa breka ya ampea 16 si kitu. Haitashtuka hata kidogo.

Waya wa ethi, yaani ule unaopeleka umeme ardhini, husaidia, lakini peke yake mara nyingi hautoshi. Majengo mengi katika nchi zetu hutegemea fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Tuseme fimbo hiyo ina ukinzani wa omu 50, jambo lisilo la ajabu katika udongo mkavu. Fezi ikigusa bodi ya friji, umeme utakaokwenda ardhini ni volti 230 kugawanywa kwa omu 50, yaani ampea 4.6. Breka ya ampea 16 itaendelea kukaa kimya, na bodi ya friji itabaki na umeme ikimsubiri mtu wa kwanza atakayeigusa akiwa miguu mitupu.

Kinachohitajika ni breka ya uvujaji, ambayo mafundi huiita RCD. Kifaa hiki hulinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Kiasi kikipotea njiani, maana yake kinapita mahali pasipostahili, huenda katika mwili wa mtu. RCD ya miliampea 30 hukata ndani ya thuluthi ya sekunde inapofikia kiwango chake, na kwa kasi zaidi uvujaji unapokuwa mkubwa. Soketi zote za wodini, za maabara na za nyumbani zinapaswa kuwa nyuma ya ulinzi huu. Ikumbukwe hata hivyo kwamba RCD haimwokoi mtu anayeshika fezi kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, kwa kuwa umeme wote unaokwenda hurudi. Kwa kifaa hicho mtu huyo hana tofauti na balbu.

Kuna mtego mmoja. Ikiwa RCD moja inalinda sanduku zima, taa ya nje iliyoingiwa na maji ya mvua itazima mashine ya oksijeni. Tena vifaa vya kielektroniki huvujisha kiasi kidogo cha umeme hata vikiwa vizima, na vikiwa vingi viasi hivyo hujumlishwa. RCD ya miliampea 30 inaruhusiwa kukata wakati wowote baada ya kuvuka miliampea 15. Kwa sababu hiyo, saketi za wagonjwa hufaa zipewe kila moja breka ya pamoja inayokata kwa mzigo na kwa uvujaji, ambayo mafundi huiita RCBO. Bei yake ni kubwa kuliko breka ya kawaida, lakini hitilafu ya taa ya nje hubaki nje.

Mambo ya kuzingatia wakati wa kuchagua

Kabla ya kwenda dukani, kiongozi wa kituo aketi na wauguzi pamoja na fundi, waorodheshe vifaa vyote na kuvigawa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la vifaa vinavyobeba uhai kwa dakika: mashine ya oksijeni, mashine ya kufyonza, kipasha joto cha watoto, taa ya chumba cha kujifungulia. Kundi la pili ni la vifaa vinavyoweza kungoja kwa saa chache, kama jokofu la chanjo, ambamo joto linapaswa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kundi la tatu ni la vinavyoweza kungoja hadi kesho: birika, pasi, televisheni, kompyuta ya ofisi. Vifaa vya kundi la kwanza visishiriki saketi na kundi la tatu. Huo ndio msingi, yaliyobaki hufuata.

Kisha yaangaliwe haya:

1. Nafasi za breka. Hesabu saketi zinazohitajika leo, kisha ongeza walau robo ya nafasi za akiba. Kituo hukua, na sanduku lililojaa hulazimisha fundi kufunga nyaya mbili chini ya breka moja, jambo lisilokubalika.

2. Umbo na malighafi. Sanduku la chuma ni imara, ila lazima nalo liunganishwe na waya wa ethi, pamoja na mlango wake. Sanduku la plastiki halishiki kutu, lakini liwe la aina isiyoendeleza moto. Kwa vyovyote, mlango ukifunguliwa kusiwe na sehemu yenye umeme ambayo kidole kinaweza kuigusa. Kifuniko cha ndani kiondolewe kwa bisibisi tu.

3. Kinga dhidi ya vumbi na maji. Hii huandikwa kwa herufi IP na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza huhusu vitu vigumu na vumbi, ya pili maji. Ndani ya ofisi kavu IP30 au IP40 hutosha. Mahali panapooshwa au penye mvuke tafuta IP44 au zaidi, na nje ya jengo IP55 au IP65.

4. Swichi kuu ya sanduku lenyewe. Kila sanduku dogo liwe na swichi inayokata fezi na nyutro kwa pamoja, ili fundi aweze kufanya kazi, na mwokoaji aweze kuzima, bila kukimbilia upande wa pili wa jengo.

5. Uwezo wa kuhimili shoti. Juu ya breka huandikwa tarakimu kama 6000 ndani ya mstatili. Maana yake breka inaweza kukata mkondo wa shoti wa hadi ampea 6,000 bila kupasuka. Karibu na transfoma kubwa fundi anaweza kuhitaji ya 10,000.

6. Mpangilio wa ukataji. Breka ya juu, kwenye sanduku kuu, iwe kubwa kuliko zile za chini yake. RCD ya juu, ikiwapo, iwe ya miliampea 100 au 300 na yenye kuchelewa kidogo, alama yake ikiwa herufi S. Hivyo hitilafu ya wodi itakatwa wodini, wala haitazima hospitali nzima.

7. Aina ya RCD. Ile yenye alama AC hutambua uvujaji wa mawimbi ya kawaida tu. Vifaa vya kisasa vyenye saketi za kielektroniki huweza kuvujisha umeme wa namna nyingine, kwa hiyo aina A ni bora zaidi kwa wodi na maabara.

8. Uhalisi wa bidhaa. Breka bandia hufanana na halisi kwa nje, na hujulikana siku ya shoti. Nunua kwa wakala anayetoa risiti, angalia alama ya ubora ya TBS au ya shirika la viwango la nchi yako, na mwachie fundi mwenye leseni kazi ya kufunga. Tanzania Bara leseni za mafundi umeme hutolewa na EWURA. Mteja ana haki ya kuomba aonyeshwe.

Chumba cha upasuaji kina kanuni zake

Yaliyosemwa juu ya RCD yanahusu wodi, maabara na nyumba. Chumba cha upasuaji na chumba cha wagonjwa mahututi ni mahali ambapo kukata umeme ghafla kwaweza kuua sawasawa na kuuacha uvuje. Mgonjwa aliyelazwa usingizi hawezi kujitoa kwenye kifaa chenye hitilafu, na ikiwa mrija wenye kupitisha umeme umefika moyoni mwake, kiasi cha umeme ambacho mtu mzima asingekisikia kinaweza kumdhuru. Kwa vifaa vinavyogusa moyo moja kwa moja, viwango vya kimataifa huruhusu uvujaji wa maikroampea 10 tu katika hali ya kawaida. Maikroampea 10 ni sehemu moja ya elfu tatu ya miliampea 30.

Kwa hiyo kanuni za kimataifa za umeme wa majengo ya tiba zinataka soketi za vyumba hivyo zilishwe kupitia transfoma ya kutenga, ambayo upande wake wa pili haujaunganishwa na ardhi. Hitilafu ya kwanza ikitokea, umeme haukatiki; kifaa cha uangalizi hulia kengele pale uhami unaposhuka hadi kiloomu 50, na daktari humaliza kazi kabla fundi hajaitwa. Kituo kinachoanzisha huduma ya upasuaji kisifunge sanduku la kawaida katika chumba hicho na kudhani kazi imekwisha. Mhandisi aitwe tangu hatua ya ramani.

Kulilinda sanduku

Maadui wa sanduku ni wengi. Wa kwanza ni maji na chumvi. Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hewa ya bahari hula skrubu na vipande vya shaba. Muungano uliolegea hupata joto, na joto huzidi kuulegeza. Sanduku lisiwekwe chini ya bomba, sinki wala tangi, wala ukutani panapopigwa na mvua. Nyaya ziingie kwa chini au kwa pembeni kupitia vizibo vinavyobana, na tundu lisilotumika lizibwe.

Wa pili ni wadudu. Mijusi, sisimizi na nyigu hupenda joto la sanduku. Mjusi mmoja akilala kati ya fezi na nyutro atasababisha shoti. Vizibo vilevile vinavyozuia maji ndivyo vinavyowazuia wao.

Wa tatu ni joto na hewa ya oksijeni. Sanduku lisipakane na mashine ya kutakasia kwa mvuke, wala lisiwe katika chumba cha kuhifadhia mitungi ya oksijeni, kwa kuwa penye oksijeni nyingi cheche ndogo huwa moto mkubwa.

Wa nne ni radi. Ukanda wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi. Radi haihitaji kupiga jengo. Ikipiga karibu na nguzo, msukumo wa ghafla wa volti husafiri kwa waya hadi kwenye mashine za maabara. Ndani ya sanduku dogo hufungwa kizuia msukumo cha aina ya 2, na nyaya zake ziwe fupi, jumla isizidi nusu mita, la sivyo nguvu yake hupungua. Vizuizi vingi vina dirisha dogo la kijani. Likigeuka jekundu, kimekufa kikitetea na hakina budi kubadilishwa.

Wa tano ni nyutro iliyokatika. Katika jengo la fezi tatu, nyutro ikiachia, vifaa vingine hupata volti chache na vingine hukaribia volti 400. Ishara yake ni taa za upande mmoja kufifia huku za upande wa pili ziking'aa kupita kiasi. Ukiiona ishara hiyo, zima swichi kuu bila kungoja. Kifaa cha kulinda volti, kinachokata volti zikipanda au kushuka mno na kungoja dakika chache kabla ya kurudisha, ni akiba nzuri kwa jokofu la chanjo.

Wa sita ni sisi wenyewe. Tunaegesha kabati mbele ya sanduku, tunatundika makoti kwenye mlango wake, tunalifunga na kupoteza ufunguo. Mbele ya sanduku pabaki wazi walau mita moja. Liwe kwenye usawa wa macho ya mtu mzima, mahali pasipofikiwa na watoto lakini panapofikiwa na muuguzi wa zamu. Likifungwa kwa ufunguo, ufunguo mmoja ukabidhiwe katika kila makabidhiano ya zamu, pamoja na funguo za kabati la dawa.

Jenereta na sola

Sanduku la kundi la kwanza ndilo linalopaswa kupata umeme wa akiba kwanza. Kubadilisha kati ya umeme wa gridi na jenereta kufanywe kwa swichi maalumu isiyoweza kuunganisha vyote viwili kwa wakati mmoja. Kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani ni kuupeleka umeme kwenye nguzo, ambako fundi wa shirika anaweza kuwa ameshika waya akiamini ni mfu. Pia mwombe fundi aipime RCD wakati jenereta au mfumo wa sola ukifanya kazi, kwa kuwa mahali ambapo nyutro ya chanzo hicho haikuunganishwa na ethi ipasavyo, RCD huweza kushindwa kuutambua uvujaji.

Matunzo ya kila siku

Muuguzi hahitaji bisibisi ili kulitunza sanduku. Anahitaji macho, masikio na pua. Kila wiki aangalie kama kuna kutu, alama ya kuungua, plastiki iliyogeuka rangi. Asikilize mlio wa kukaanga. Anuse harufu ya samaki au ya plastiki inayoungua. Mojawapo ikitokea, fundi aitwe siku hiyo hiyo.

Kila mwezi kitufe cha majaribio cha RCD, chenye herufi T, kibonyezwe. Ikikata, ni nzima, isipokata, ibadilishwe. Kabla ya kubonyeza hakikisha hakuna mgonjwa anayetegemea saketi hiyo, au ameshahamishiwa kwenye mtungi. Kila mwaka fundi akaze skrubu, apime uhami wa nyaya, ukinzani wa ethi na muda wa RCD kukata, kisha aandike vipimo katika daftari la kituo.

Kila breka iwe na lebo ya Kiswahili inayosomeka: "Oksijeni, kitanda 1 na 2", "Jokofu la chanjo: usizime", "Soketi za ofisi". Lebo ya "SK 4" humfaa fundi mchana. Muuguzi aliye gizani inamfaa kidogo sana.

Breka ikikata, chomoa kwanza vifaa vya kundi la tatu, kisha irudishe mara moja. Ikikata tena, usiishindanie. Mhamishe mgonjwa kwenye mtungi au soketi ya saketi nyingine, na umwite fundi.

Mgonjwa aliye nyumbani

Wagonjwa wenye maradhi sugu ya mapafu, na wengine walioruhusiwa kurudi nyumbani na mashine ya oksijeni, wanahitaji uangalifu ule ule. Mwombe fundi akutengee saketi moja ya mashine, yenye RCBO yake. Usitumie ekstensheni, wala usichomeke pasi au jiko katika soketi hiyo. Uwe na mtungi wa akiba uliojaa, na watu wa nyumbani wajue kuufungua.

Usisahau mita ya malipo ya kabla. Mashine ya wati 350 inayofanya kazi saa 24 hutumia uniti 8.4 kwa siku, yaani uniti 252 kwa siku 30. Sanduku liwe zuri namna gani, uniti zikiisha usiku mashine huzimika. Familia iweke kiwango ambacho ikikifikia hununua bila kungoja kesho.

Mtu akipigwa na umeme

Usimguse kabla ya kuzima. Mkimbilieni swichi ya sanduku dogo. Hapo ndipo faida ya kulijua huonekana. Ikishindikana, msukumeni atoke kwa mti mkavu au plastiki huku mkisimama pakavu. Asipopumua kwa kawaida, anza kuminya kifua katikati, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mwenye ujuzi atoe pumzi 2 baada ya kila miminyo 30. Aliyepata nafuu naye apelekwe kuchunguzwa, hasa akiwa mjamzito, au alizimia, au anahisi maumivu ya kifua.

Hitimisho

Katika wodi tuliyoanza nayo, gharama ya kuukinga usiku ule ingekuwa saketi mbili zaidi, breka chache, lebo za karatasi, na ufunguo mmoja kubaki zamu. Birika lingekata breka ya birika, mama angengoja chai yake kidogo, na mtoto asingejua kwamba lolote limetokea. Leo, kabla zamu yako haijaisha, litafute sanduku la chumba unachofanyia kazi, lifungue, na ujiulize ni breka ipi inayomlisha mgonjwa wako. Usipopata jibu, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kumpa fundi.